Mwanasesere wa Uzi: Zawadi ya Mtoto, Jasho la Fundi

SUFU na sufi ni maneno mawili yaliyotengana kwa irabu moja tu. Sufu ni manyoya ya kondoo yasokotwayo yakawa uzi. Sufi ni pamba laini ya mti wa msufi, ile ambayo mabibi zetu waliijaza katika mito na magodoro. Mpe mwanamke mwenye subira uzi wa nje na pamba ya ndani, mwongezee sindano moja yenye kulabu nchani, naye baada ya siku mbili tatu atakutolea tembo mwenye mkonga, au sungura, au kuku na vifaranga vyake. Mtoto akishampata tembo huyo hamwachi tena. Atalala naye, atakula naye, atamgombeza, na akimwangusha atamfuta machozi yasiyokuwapo.

Kazi hiyo ndiyo nitakayo tuizungumze leo, ndugu msomaji: kufuma wanyama na wana wa sesere kwa sindano ya kulabu, ambayo wenyewe huiita kroshia. Aghalabu nyumba zetu za pwani zaijua kroshia kwa vile vitambaa vya kutandika juu ya makochi na meza. Siku hizi mabinti zetu wamevuka vitambaa. Wanafuma wanyama wa kila namna, wanafuma kofia na soksi za mtoto mchanga anayetimiza arubaini, maua ya kubania nywele, na vikoba vya kutilia juzuu kwa mtoto aendaye chuoni. Wengine huwafumia watoto wao na wa ndugu zao, na wengine huuza ili wapate cha kuongezea jikoni.

Nina neno moja nataka kulithibitisha katika makala haya. Nalo ni kwamba hii ni kazi ya ufundi kama ufundi mwingine wowote, na mwenye kuifanya anastahiki kulipwa ujira wa fundi. Neno hili laweza kuonekana dogo, lakini katika miji yetu nyumba si haba zinalitegemea, na kila sikukuu mama hao huambiwa usoni kwamba wanachouza ni “uzi tu”.

SUALI LA SANAMU

Kabla ya kufika kwenye ujira, liko suali ambalo mfumaji wa Kiislamu huulizwa hata kabla hajaulizwa bei. Je, si kutengeneza sanamu huku? Suali hili ni la haki, na anayeliuliza asikaripiwe. Lakini jawabu lake halikuanza leo.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha, Mama wa Waumini, alikuwa akichezea wana wa sesere nyumbani kwa Mtume Muhammad (S.A.W.), na wasichana wenziwe wakimjia wakacheza naye. Wasichana hao walipomwona Mtume waliingiwa na haya wakajificha, naye akawa akiwarudisha kwake ili waendelee na mchezo wao. Na katika Sunan ya Abu Daud mna kisa cha farasi. Mtume alikuwa amerejea kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, wakaonekana wana wa sesere wa Bibi Aisha, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume akauliza, farasi naye ana mbawa? Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman waliokuwa na mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana.

Lakini hadithi iliyo karibu zaidi na maudhui yetu ni ya Rubayyi binti Muawwidh, mwanamke wa Kiansari, nayo pia imo katika Bukhari na Muslim. Yeye anasimulia habari za saumu ya Ashura, mwezi kumi wa Muharram. Watu wa Madina walikuwa wakifunga siku hiyo na kuwazoeza watoto wao kufunga, na akina mama wakiwatengenezea watoto vitu vya kuchezea kwa sufu. Mtoto akililia chakula alipewa kile kichezeo, akashughulika nacho mpaka wakati wa kufuturu ukafika. Kwa hivyo mwanamke wa leo anayeshika uzi ili kumtuliza mtoto hakuzua jambo geni. Ameingia katika safu iliyoanzia Madina.

Wanavyuoni walilichambua jambo hili kwa urefu. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomwa sana na sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii, amenakili maneno ya Kadhi Iyadh, aliyefariki mwaka wa 1149, kwamba wana wa sesere wametolewa katika katazo la sanamu, kwa sababu wasichana hujifunzia malezi kwao. Akaeleza vilevile kwamba wanavyuoni waliruhusu kuwauza na kuwanunua, ingawa imepokewa kwa Imam Malik kwamba alichukia kuwanunua. Wapo pia walioona kuwa ruhusa hiyo iliondolewa baadaye. Basi mwenye shaka na amwendee sheikh wake, na mama anayeona raha zaidi kufuma mnyama asiye na macho wala mdomo, na afume hivyo. Mtoto hatalalamika; macho na mdomo atavitia mwenyewe kwa mawazo yake. La kuzingatiwa hapa ni kwamba wanavyuoni wakubwa walipokaa kuzungumza juu ya kichezeo cha mtoto, walizungumza pia juu ya kuuzwa kwake. Waliijua kuwa ni kazi yenye soko.

HESABU KAMA YA MIZANI

Tuje sasa kwenye ufundi wenyewe, maana asiyejua kazi inavyofanywa hawezi kujua thamani yake.

Mtunga mashairi ni mtu wa kuhesabu. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na mizani moja ikizidi au ikipungua, sikio la mzoefu hushtuka. Mfumaji wa kroshia naye ni mtu wa kuhesabu. Huanza na kitanzi kidogo cha uzi, akafuma ndani yake vitanzi 6. Mzunguko wa pili huwa 12, wa tatu 18, wa nne 24, akiongeza 6 kila mara. Kwa nini 6? Kwa sababu akiongeza hivyo duara lake hulala bapa kama sahani. Akiongeza pungufu ya hapo, huinama likawa bakuli. Akizidisha, hujikunja pembezoni likawa kama tumbawe la baharini.

Akitaka kichwa cha tembo, hufika upana autakao kisha huacha kuongeza, na hapo ukuta huanza kupanda. Ukisha kupanda kiasi, hupunguza 6 kwa 6, akatia sufi ndani, mpaka tundu likafumba. Mwenye kuvaa kofia ya kufuma anaichukua kanuni hiyo kichwani mwake kila siku, kwani kofia huanzia utosini kwa duara, ikapanuka, kisha ikashuka ukuta. Tofauti ni kwamba kofia huachwa wazi, na tembo hufumbwa.

Na tukihesabu pamoja kichwa kimoja kidogo, tutapata hivi. Kutoka 6 hadi 36 ni mizunguko sita, jumla ya vitanzi 126. Mizunguko sita ya ukuta, kila mmoja vitanzi 36, ni 216. Kurudi kutoka 30 hadi 6 ni mizunguko mitano, vitanzi 90. Jumla yake ni vitanzi 432, na kila kitanzi chataka uzi uvutwe mara mbili, basi mkono umevuta mara 864. Hapo tembo ana kichwa tu. Bado hana kiwiliwili, miguu minne, masikio mawili, mkonga wala mkia, na bado vipande hivyo havijashonwa pamoja. Fundi akipotewa na hesabu katikati, hana ila kufumua arudi alikotoka, kama mtunzi anavyofuta mshororo mzima kwa ajili ya neno moja.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Sweta na soksi za dukani hufumwa na mashine, lakini ufumaji wa mashine hizo ni wa namna nyingine. Kroshia ya kweli hufumwa kwa mkono. Kwa hivyo mnyama wa kroshia, hata umkute dukani ametoka Uchina, ujue kwamba kila kitanzi chake kilipita katika vidole vya binadamu mahali fulani. Akiwa rahisi mno, basi yuko mtu aliyelipwa kidogo mno.

Wala asidhani mtu kuwa hesabu hizi ni za jikoni tu. Mwaka wa 1997, Daina Taimina, mwanamke wa Latvia aliyekuwa akifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alishika sindano ya kroshia ili kuwaonyesha wanafunzi umbo ambalo lilikuwa tabu kulishika mkononi. Ni lile la duara linalozidi kuongezwa mpaka likajikunja. Vielelezo vya karatasi vilikuwa dhaifu na vikichanika, vyake vya uzi vikadumu. Miaka minane baadaye, mwaka wa 2005, ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianza huko Los Angeles kufuma miamba mizima ya matumbawe kwa njia hiyohiyo ili kuwazindua watu juu ya matumbawe yanayokufa baharini. Mama wa Lamu anayefuma ua la kubania nywele za bintiye, akazidisha vitanzi ili petali zipinde, yumo katika elimu hiyo, ingawa hakuna aliyempa cheti.

KULABU ILIYOLISHA WATU

Jina la kroshia limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kulabu ndogo, na ufundi huu kama tuujuavyo leo ulienea Ulaya katika karne ya 19. Kisa chake kikubwa ni cha Ireland. Mwaka wa 1845 viazi vya nchi hiyo, vilivyokuwa chakula cha maskini, viliingiwa na maradhi vikaoza mashambani. Njaa ikaendelea kwa miaka. Watu wapata milioni moja walikufa, na wengine kama idadi hiyo wakaihama nchi. Katika shida hiyo, watawa wa kike na wake wa makasisi waliwafunza wanawake na wasichana kufuma lesi kwa sindano ya kulabu. Mji wa Clones, uliofunzwa kazi hiyo tangu mwaka wa 1847, jina lake limebaki katika lesi mpaka leo. Lesi zikauzwa kwa matajiri wa London na kwingineko, na senti zake zikanunua unga na kulipa kodi ya nyumba. Kisha lesi za kuigiza za mashine zikajaa sokoni kwa bei ya chini, mitindo ya mavazi ikabadilika baada ya vita vya 1914 hadi 1918, na biashara hiyo ikaanguka. Kisa hiki kina mafunzo mawili: kwamba kulabu yaweza kulisha nyumba, na kwamba mnunuzi akizoea cha rahisi, fundi hukosa.

Kufuma wanyama kwa wingi kumetangazwa duniani na Wajapani. Wao huwaita amigurumi, jina lililoundwa kwa maneno mawili, moja la kufuma na moja la mwanasesere wa kujazwa. Tangu miaka ya 2000 wanyama hao wenye vichwa vikubwa na viwiliwili vidogo wameenea kila pembe ya dunia, na mengi wayafumayo mabinti zetu yametoka kwenye mtindo huo.

Tusiende mbali, lakini. Humu humu nchini tuna mifano. Huko Njoro, karibu na Nakuru, wanawake wa kikundi cha Kenana Knitters wamekuwa wakifuma wanyama wa kuchezea tangu mwaka wa 1998. Sufu yao husokotwa kwa mkono na kutiwa rangi za mimea, na wanyama hao huuzwa mpaka ng'ambo. Kinachonipendeza zaidi katika kazi yao ni kibandiko. Kila mnyama ana kibandiko chenye jina la mwanamke aliyemfuma. Mtoto wa Ulaya akimpindua twiga wake, hukuta jina la mtu.

Na kwetu pwani kuna habari ya Kiwayu. Mwaka wa 1997 watoto wa huko walionekana ufuoni wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa mabaki ya kandambili yaliyotupwa na bahari. Kutokana na mchezo huo wa watoto kukazuka kazi ya kuokota kandambili, kuziosha, kuzigandisha pamoja na kuzichonga wanyama, na baadaye kampuni iitwayo Ocean Sole, ambayo wanyama wake huuzwa nchi nyingi. Lililokuwa takataka na mchezo limekuwa riziki, kwa sababu alitokea mtu akalipa thamani yake.

PWEZA WA DENMARK

Nina mfano mmoja zaidi, na huu utamfurahisha kila mtu wa pwani. Mwaka wa 2013 watu wa kujitolea huko Denmark walianza kuwafumia pweza watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Watoto hao hulazwa katika visanduku vya joto hospitalini, wamefungwa mipira ya kupumulia na ya kulishwa, na vidole vyao vidogo huivuta mipira hiyo ikatoka. Mtoto akipewa pweza wa uzi, hushika minyiri yake badala ya kushika mpira. Wenye kufuma husema kwamba minyiri humkumbusha kitovu alichokishika tumboni mwa mama, akatulia. Wataalamu wanasema ushahidi wa kitiba bado hautoshi, lakini mtindo huo umeenea hospitali nyingi za Ulaya na kwingineko.

Lakini wafumaji wa Denmark wameweka masharti makali. Pweza afumwe kwa uzi wa pamba tupu. Aweze kufuliwa kwa maji ya moto wa digrii 60. Mnyiri ukinyoshwa usizidi sentimita 22, ili usije ukamzonga mtoto. Vitanzi viwe vya kubana, asipenye hata uzi wa ndani. Pweza asiyetimiza masharti haingii wodini, hata akiwa mzuri namna gani. Hapo ndipo unapoona kwamba zawadi ya mtoto si mapenzi peke yake. Ni amana.

AMANA YA MFUMAJI

Na amana hiyo iko juu ya wafumaji wetu pia. Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani. Kwa hivyo mnyama wa mtoto asiyetimia miaka mitatu asitiwe macho ya vifungo wala ya shanga, kwani jicho likingoka humkaba. Macho na yatariziwe kwa uzi. Kengele na kamba ndefu za shingoni ziachwe. Kila sikio na kila mguu ushonwe kwa kuzungushwa, kisha uvutwe kwa nguvu kabla haujamfikia mtoto. Kama utangoka, na ungoke mkononi mwa fundi. Na mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka asilazwe na mnyama wa kujazwa ubavuni, wala mto, maana anaweza kufunikwa pua asijitoe. Achezee akiwa macho, mama akimtazama. Pweza wa hospitalini ana muuguzi wa kumwangalia. Pweza wa nyumbani hana.

Uzi nao una hukumu yake. Uzi wa sweta upatikanao kwa wingi madukani si sufu. Aghalabu ni uzi wa kutengenezwa viwandani. Una rangi za kupendeza, hudumu, na ni rahisi, lakini katika joto letu humtoa mtoto jasho, na ukikaribia moto huyeyuka. Uzi wa pamba ni ghali zaidi lakini ni baridi mwilini na hustahimili kufuliwa. Kama ni kofia au soksi za mtoto mchanga wa pwani, chagua pamba. Na sufi ya ndani isitiwe ovyo. Ikilowa hugandamana ikafanya mabonge, tena hupenya kwenye vitundu. Ishonewe kwanza kifuko cha kitambaa chepesi, kisha kifuko ndicho kiingie ndani ya mnyama. Baada ya kufuliwa aanikwe juani mpaka akauke ndani na nje, maana unyevu wa huku kwetu huzaa kuvu kwa siku moja.

Fundi anayeyajua yote haya na kuyatimiza, je, ni mwuza uzi tu?

BEI YA JASHO

Tuchukue mfano. Tuseme mama amefuma tembo kwa saa kumi. Uzi na vya kujazia vimemgharimu shilingi 400. Anataka 1,500. Mnunuzi anacheka, anamwambia kwamba mwanasesere wa plastiki dukani ni 300, basi atampa 600, na hapo anaona amemfanyia hisani. Mama ana kodi ya nyumba, anakubali. Ukitoa 400 zake, amebakiwa na shilingi 200 kwa saa kumi, yaani shilingi 20 kwa saa. Mchukuzi wa Marikiti ukimpa ujira huo atakutupia mzigo wako njiani, naye atakuwa na haki.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika jambo hili kizuri hakijiuzi, kwa sababu mnunuzi haoni vitanzi. Anaona mchezo wa mtoto. Tena mfumaji mwenyewe ni mwanamke aliyekaa nyumbani kwake, na sisi tumezoea kwamba kazi ya mwanamke nyumbani haina saa wala bei.

Tazama jinsi tunavyofanya kwenye kofia. Kofia ya kushonwa kwa mkono, ya Lamu au ya Siyu, yenye viua vyake vilivyotobolewa na kutariziwa kimoja kimoja, huchukua miezi. Mwanamume akiambiwa bei yake ya maelfu hacheki. Huigeuza ndani na nje, akasifu, akalipa, na Ijumaa akaivaa kwa fahari. Anajua kwamba analipa macho na vidole vya fundi, na mara nyingi fundi huyo ni mwanamke vilevile. Ikiwa tunajua kulipa kwa ajili ya vichwa vyetu, vipi tunasahau kulipa kwa ajili ya mikono ya watoto wetu?

Najua jawabu litakalotolewa: maisha ni magumu, na si kila mzazi ana shilingi 1,500 za tembo. Ni kweli, na hakuna lawama kwa asiye nazo. Yeye na anunue kifaranga badala ya tembo, au ua la nywele, au kikoba cha juzuu, kila kimoja kwa bei yake ya haki. Au ajifunze kufuma mwenyewe, kwani sindano moja na donge moja la uzi hazimshindi mtu, na wiki mbili za subira zitamfikisha kwenye mpira wa kwanza. Lenye lawama ni kumpunja fundi na hali mfuko unao.

Kwa upande wao, mafundi nao wana la kufanya. Wahesabu saa zao, si uzi peke yake. Watie kibandiko cha jina kama wenzao wa Njoro, ili mtu aliyependezwa ajue wa kumrudia. Wasifume kabla hawajapewa arubuni, isipokuwa vile vidogo vya kuonyesha. Wasishushiane bei wao kwa wao, maana hapo watamlisha mnunuzi na kufa njaa wenyewe. Na wawafunze mabinti wadogo, wa miaka minane au tisa, ambao vidole vyao ni vyepesi na hesabu ya 6 kwa 6 itawafaa hata darasani. Kazi mbi si mchezo mwema, walisema wazee, na hii wala si kazi mbi.

Sisi wazazi tunatoa mkono wa Idi kila mwaka. Sarafu na noti hizo nyingi huishia kwenye peremende na vichezeo vya plastiki ambavyo siku ya tatu vimevunjika magurudumu. Hebu sehemu yake moja iende kwa mfumaji wa mtaani. Lakini tusimwendee usiku wa kuamkia Idi, mwezi ukiwa umeandama, tukataka wanyama kumi kwa asubuhi. Wanyama kumi wa saa kumi kumi ni saa mia moja, na mwenye kuzifuma saa hizo ana futari ya kupika na watoto wa kuwaosha. Mwenye kutaka mnyama wa sikukuu na aagize tangu Shaabani, aweke arubuni, na siku ya kumchukua amalize kilichobaki bila ya kuomba apunguziwe.